Jina lake liko wapi? Kukusanya chapa za kale za waigizaji wa kabuki, hatua kwa hatua

Karatasi yangu ya kwanza, picha ya mwigizaji wa Kijapani iliyochapwa kwa vibao vya mbao, ilifika Tanga imebanwa katikati ya kadibodi mbili. Mwanamume kaweka mwavuli wa karatasi begani, macho kayakengeza, mdomo kaupinda kwenda chini kama aliyeng'ata ndimu. Bibi yangu, ambaye amevaa kanga maisha yake yote na hajapata kununua hata doti moja bila kuisoma kwanza, aliitazama kuanzia juu mpaka chini kisha akauliza: "Na jina lake liko wapi?"

Alimaanisha maandishi. Kwake yeye kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Sikuwa na jibu. Muuzaji alikuwa ameandika "Toyokuni, mwaka 1800 hivi", nami nikalipa kwa kuamini neno lake. Miezi miwili baadaye, nilipojifunza kusoma mhuri mdogo wa duara uliokuwa pembeni, nikakuta karatasi ni ya mwezi wa 3 wa mwaka 1862. Mchoraji Toyokuni wa kwanza alikufa 1825. Nilichonunua kilikuwa kazi ya mwanafunzi wake aliyerithi jina, na bei niliyotoa ilikuwa ya mwalimu.

Kwa hiyo mwongozo huu umeelemea upande mmoja, na nakiri mapema: nitatumia muda mwingi kwenye kusoma karatasi kuliko kwenye kununua. Anayejua kusoma hata akidanganywa hudanganywa kidogo.

Hatua ya 1: Elewa kitu chenyewe

Kabuki ni tamthilia ya Kijapani yenye nyimbo, ngoma, mavazi mazito na nyuso zilizopakwa rangi. Inasemwa ilianzia Kyoto mwaka 1603 na mwanamke aitwaye Okuni. Mwaka 1629 serikali ikawapiga marufuku wanawake jukwaani, na tangu hapo nafasi za kike zikachezwa na wanaume, ambao huitwa onnagata. Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, kumbi kubwa zenye kibali zilikuwa tatu: Nakamura, Ichimura na Morita. Waigizaji wake walipendwa kama wanavyopendwa wanamuziki na wachezaji mpira leo, na shabiki aliyetoka ukumbini aliweza kununua picha ya kipenzi chake kwa bei inayolingana na bakuli la tambi. Picha hizo ndizo yakusha-e, yaani picha za waigizaji.

Hazikuchorwa moja moja. Mchapishaji alitoa fedha na wazo. Mchoraji akachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri na kuchonga akipita humo humo juu ya mchoro, hivyo mchoro wa mkono ukapotea hapo. Kila rangi ilichongewa ubao wake, na kwenye pembe za ubao pakawekwa alama za kukalishia karatasi ili rangi zisipishane. Mchapaji akapaka rangi kwa brashi, akalaza karatasi ya nyuzi za mti wa kozo, jamii ya mforosadi, kisha akasugua mgongo wake kwa kifaa cha mviringo kiitwacho baren. Chapa za rangi nyingi kwa namna hii zilianza Edo mwaka 1765.

Kutokana na hayo shika mambo mawili. Kwanza, hakuna "ile moja halisi" iliyofichwa mahali. Kila karatasi iliyotoka kwenye vibao vya mwanzo ni halisi. Pili, vibao huchakaa. Karatasi za mwanzo zina mistari mikali na rangi zilizofifishwa taratibu kutoka giza kwenda mwanga. Za mwisho zina mistari iliyokatikakatika, na mara nyingi mchapishaji kapunguza rangi ili abane matumizi.

Hatua ya 2: Chagua kona inayolingana na mfuko wako

Anayeanza hukimbilia Sharaku, kwa sababu ndiye anayeonekana kwenye kila kalenda. Sharaku alitoa michoro isiyozidi 150 hivi ndani ya miezi kama kumi, kati ya 1794 na mwanzoni mwa 1795, kupitia mchapishaji Tsutaya Juzaburo, kisha akatoweka. Karatasi zake nzuri huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Ukiona Sharaku kwa dola 80, umeona nakala. Inaweza kuwa nakala nzuri ya kupamba ukuta, lakini ni nakala.

Katsukawa Shunsho, aliyekufa 1792, ni wa mapema zaidi. Yeye na wenzake ndio walioanza kuchora sura ya mwigizaji ili atambulike yeye mwenyewe, badala ya uso mmoja kwa kila mtu. Karatasi zake nyingi ni nyembamba, kama sentimita 33 kwa 15, na nyingi zimepauka. Nazipenda sana ila sishauri mtu aanzie hapo.

Anzia kwa Utagawa Kunisada (1786–1865). Michoro yake inakadiriwa kuzidi 20,000, na sehemu kubwa ni waigizaji. Wingi huo umewafanya baadhi ya watu wamdharau, jambo linalotunufaisha sisi wenye mifuko myepesi: karatasi yake moja yenye hali ya kuridhisha bado hupatikana kwa dola 50 hadi 200. Mwanafunzi wake Toyohara Kunichika (1835–1900) ni rahisi vilevile. Alifanya kazi wakati rangi za viwandani kutoka Ulaya zilipoingia, ndiyo maana nyekundu na zambarau zake zinapiga kelele. Wapo wanaoziona hazina adabu. Mimi naona zinafanana na jukwaa lenyewe.

Kuna kona mbili nyingine zisizosemwa sana. Moja ni Osaka, ambako chapa zilihusu karibu waigizaji peke yao, zikatolewa kwa idadi ndogo, na mara nyingi zikachapwa kwa ufundi kushinda za Edo: unga wa metali, nguo zilizogandamizwa bila wino ili zitune. Nyingine ni shini-e, picha za kumbukumbu zilizotoka mwigizaji alipofariki. Ichikawa Danjuro wa nane, kijana aliyependwa na wanawake wa Edo kuliko wote, alijiua Osaka mwezi wa 8 wa 1854, na picha za msiba wake zikatoka kwa mamia. Mara nyingi marehemu huvishwa nguo za buluu hafifu na pembeni huandikwa tarehe ya kifo. Nyingi zilichapwa haraka haraka na hazina ufundi mkubwa. Lakini utaona watu waliokuwa wakilia.

Hatua ya 3: Tazama bure kabla hujatoa senti

Jipe miezi miwili ya kutazama tu. Jumba la makumbusho ya tamthilia la Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, lililofunguliwa 1928, limeweka mtandaoni picha za waigizaji zaidi ya 40,000, na nyingi zina jina la mchezo, ukumbi na tarehe. Chuo Kikuu cha Ritsumeikan cha Kyoto nacho kina hifadhi kubwa inayounganisha makusanyo mengi. Jumba la Museum of Fine Arts la Boston lina chapa za Kijapani zaidi ya 50,000. Na kuna tovuti ya ukiyo-e.org, iliyotengenezwa na mtaalamu wa programu John Resig, ambayo hukuruhusu kupakia picha uliyopiga kwa simu ikakutafutia karatasi zinazofanana kwenye majumba mengi kwa mara moja. Hiyo ya mwisho peke yake imeniokolea fedha kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Hatua ya 4: Soma pindo, mji na jina

Bibi alinipa mpangilio bila kujua. Kanga ina pindo, mji na jina, na karatasi hizi ukizisoma kwa mtindo huo hupotei.

*Mji*, yaani katikati. Angalia uso. Mistari minene mekundu usoni ni ya shujaa mwenye nguvu na hasira ya haki. Ya buluu ni ya muovu au mzimu. Macho yaliyokengezwa na mwili uliokaza ni mie, lile tukio ambapo mwigizaji husimama tuli kwenye kilele cha mchezo na watazamaji huita jina la ukoo wake. Ukiona mwanamke mwenye kitambaa kidogo cha zambarau juu ya paji la uso, huyo si mwanamke. Ni onnagata aliyefunika mahali alipolazimishwa na sheria kunyoa. Alama hiyo ndogo hutenganisha picha ya mwigizaji na picha ya mrembo wa kawaida, na wauzaji huichanganya kila siku.

Halafu tazama nguo, utafute nembo ya ukoo. Nembo ya akina Danjuro ni vibaba vitatu vya mraba vya kupimia mchele, kimoja ndani ya kingine. Ukishaijua utaiona kila mahali: kwenye mikono ya joho, kwenye taa, hata kwenye vipini vya panga.

*Jina*. Hapa ndipo penye kazi. Kwenye karatasi ya kawaida ya Kunisada kuna maandishi ya aina tatu: visanduku vyenye jina la mhusika na jina la mwigizaji, saini ya mchoraji, na mihuri.

Saini huishia na 画 (ga, "amechora") au 筆 (hitsu, "brashi ya"). Herufi mbili za juu yake ndizo jina: 国貞 ni Kunisada, 豊国 ni Toyokuni, 国芳 ni Kuniyoshi, 国周 ni Kunichika. Mtego ulioninasa mimi ni huu: mwaka 1844 Kunisada alichukua jina la marehemu mwalimu wake, akawa anasaini Toyokuni. Leo tunamwita Toyokuni wa tatu. Saini yake ya miaka hiyo mara nyingi imo ndani ya kisanduku kirefu chekundu chenye ukingo wa njano uliojikunja pembeni. Uzeeni aliongeza hata umri wake, "mzee wa miaka 77", kama babu anayejisifu barazani. Ukiona kisanduku hicho, usilipe bei ya Toyokuni wa kwanza.

Mihuri ndiyo mashahidi wenyewe. Serikali ya Edo ilitaka kila mchoro ukaguliwe kabla ya kuchongwa, na mhuri wa mkaguzi ukachongwa pamoja na mchoro. Kanuni zilibadilika mara kwa mara, na kubadilika kwake ndiko kunakotupa tarehe. Kuanzia 1791 hadi 1842 utakuta duara dogo lenye herufi 極 (kiwame, "imehakikiwa"). Kuanzia 1843 hadi 1847 ni mhuri mmoja wenye jina la mkaguzi. Kuanzia 1847 hadi 1852 ni mihuri miwili ya majina ubavu kwa ubavu, kwa mfano Hama na Magome. Mwaka 1852 ikaongezwa ya tarehe, ikawa mitatu. Kuanzia mwisho wa 1853 hadi 1857 majina yakaondoka, ikabaki 改 (aratame, "imekaguliwa") pamoja na mhuri wa tarehe. Mwaka 1858 ni tarehe peke yake. Kuanzia 1859 hadi 1871 tarehe na aratame vikaunganishwa ndani ya duara moja.

Tarehe yenyewe ni mnyama wa mwaka na namba ya mwezi. Nakili orodha hii uibandike ukutani: panya 子 ni 1852 na 1864, ng'ombe 丑 ni 1853 na 1865, chui milia 寅 ni 1854 na 1866, sungura 卯 ni 1855 na 1867, joka 辰 ni 1856 na 1868, nyoka 巳 ni 1857 na 1869, farasi 午 ni 1858 na 1870, kondoo 未 ni 1859 na 1871, nyani 申 ni 1860, jogoo 酉 ni 1861, mbwa 戌 ni 1862, nguruwe 亥 ni 1863. Mwezi wa kwanza huandikwa 正. Miezi ni ya mwandamo, kwa hiyo mwezi wa 12 wa mwaka fulani unaweza kuangukia Januari au Februari ya mwaka unaofuata kwa hesabu yetu. Na kama ilivyo kwa kila kalenda ya mwandamo inayotaka kwenda sambamba na jua, kuna miaka yenye mwezi wa ziada, unaotanguliwa na herufi 閏.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 mihuri ya ukaguzi inakoma, na badala yake pembeni huchapwa tarehe pamoja na jina na anwani ya mchapishaji. Kwa Kunichika basi pembezoni ni mali: ukikuta pamekatwa, tarehe imekwenda nayo.

Tahadhari mbili. Karatasi nyingi za Osaka hazina mhuri wa ukaguzi kabisa. Hizo hupewa tarehe kwa kuangalia nani alicheza nini na lini. Na mwaka 1842 serikali, katika kampeni yake ya kubana anasa, ilipiga marufuku picha za waigizaji. Mwaka huo huo Danjuro wa saba alifukuzwa Edo kwa kuishi kifahari. Wachoraji hawakuacha, walifuta majina ya waigizaji wakabakiza sura, na kila shabiki akajua ni nani. Kwa hiyo karatasi ya miaka ya 1840 isiyo na jina la mwigizaji usidhani ina kasoro.

*Pindo*, yaani kingo. Je, picha inaishia pale karatasi inapoishia, au kuna kitu kimekatwa? Chapa nyingi za jukwaani zilitolewa kwa karatasi tatu au zaidi zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kipimo cha kawaida cha karatasi moja, oban, ni kama sentimita 38 kwa 26. Ikiwa mkono wa nguo unaingia kutoka nje na mwenyewe haonekani, una kipande cha kitu kikubwa zaidi.

Sasa nirudi kwa mtu wangu wa mwavuli. Duara moja lenye mbwa, tatu na aratame: mwezi wa 3, 1862. Saini ya Toyokuni ndani ya kisanduku chekundu: Kunisada. Kingo ya kushoto: ncha ya mwavuli wa mtu mwingine. Nikaingia kwenye hifadhi ya Waseda na mwezi huo, nikakuta ukumbi wa Ichimura ulikuwa unaonyesha mchezo mpya wa Kawatake Mokuami, *Aoto Zoshi Hana no Nishikie*, wenye tukio la wezi watano wanaojitambulisha mmoja mmoja kando ya mto, kila mmoja na mwavuli wake. Jina kwenye kisanduku likasomeka: Seki Sanjuro kama Nippon Daemon, kiongozi wa genge. Inasimuliwa kwamba Mokuami alipata wazo la mchezo huo kutoka kwenye picha za Toyokuni huyu huyu, zilizowaonyesha waigizaji kama wezi. Kwa hiyo picha ilizaa mchezo, na mchezo ukazaa picha niliyonayo. Nilimpelekea bibi jina. Akasema, "Mwizi? Ndiyo maana kanuna."

Hatua ya 5: Tenganisha ya kale na nakala

Nunua lenzi ndogo kama ya sonara. Ukiona vidoti vilivyojipanga, ni picha ya kiwandani, imekwisha hiyo. Usipoviona bado kuna kazi, kwa sababu Wajapani wamechonga nakala za mikono kwa zaidi ya miaka mia, na zilizo nzuri ni nzuri kweli.

Geuza karatasi. Kwenye chapa ya kale rangi imepenya, unaona kivuli cha picha upande wa pili, na mara nyingi michirizi ya duara ya baren. Inua juu ya mwanga: nyuzi ndefu za karatasi zionekane. Tazama nywele kwenye paji la uso. Mchongaji bingwa alichonga unywele mmoja mmoja mwembamba kuliko uzi wa buibui, na mara nyingine utakuta mhuri wake karibu na saini, wenye herufi 彫. Kwenye nakala ya haraka nywele hizo ni nene na zimelingana mno. Mweupe usio na doa kwenye karatasi inayodaiwa kuwa ya 1795 ni sababu ya kushtuka. Nakala nyingi za heshima hutaja jina la aliyezitoa pembeni au nyuma, na walaghai hukata sehemu hiyo.

Ukinunua kwenye minada ya Kijapani kupitia wakala, jifunze kuyatambua maneno machache kwa macho: 役者絵 ni picha za waigizaji, 三枚続 ni seti ya karatasi tatu, 裏打ち ni karatasi iliyobandikwa nyingine mgongoni, 虫食い ni iliyoliwa na wadudu, na 復刻 ni nakala iliyochongwa upya. Hilo la mwisho likose kwa hasara yako.

Hatua ya 6: Pima hali yake

Karatasi hizi zilikuwa vitu vya kutumika. Zilibandikwa kwenye albamu, zikakunjwa, zikapunguzwa pembezoni. Matundu madogo ya kushonea albamu upande mmoja hayanisumbui. Mkunjo wa katikati nauvumilia kama bei imeshuka. Tundu la mdudu kwenye anga tupu si kitu. Tundu hilo hilo kwenye jicho la mwigizaji ni jambo jingine.

Ninachokikwepa ni rangi iliyokufa. Buluu ya zamani iliyotokana na ua la tsuyukusa hupauka ikawa kama mchanga, na nyekundu ya maua nayo huondoka na jua. Kuanzia karibu 1830 buluu ya Prussia ilienea, nayo hustahimili, ndiyo maana karatasi ya miaka ya 1850 inaweza kuwa na bahari yenye nguvu huku nguo ya zambarau imebaki kijivu. Kuwa macho na rangi iliyopakwa upya kwa mkono. Chini ya lenzi hukaa juu ya karatasi badala ya kuzama ndani.

Hatua ya 7: Nunua

Kabla ya kulipa, omba picha ya mgongo, picha ya karatasi ikiwa nje ya fremu, na picha moja iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni ili mikunjo ionekane. Omba vipimo kwa sentimita. Uliza kama kuna kilichobandikwa nyuma. Uliza siku ngapi unaruhusiwa kurudisha. Muuzaji mzuri hujibu yote bila kukunja uso. Maduka ya mtaa wa Jimbocho, Tokyo, unaojulikana kwa vitabu vya kale, yana sifa nzuri kwa jambo hili, na mengine hutuma nje.

Isafirishwe bapa kati ya mbao nyembamba au kadibodi ngumu. Kwenye ankara muuzaji aandike wazi kuwa ni chapa halisi ya sanaa na umri wake, kwa sababu katika mpangilio wa kimataifa wa forodha chapa halisi zenye zaidi ya miaka 100 zina kifungu chake, 9702.10. Kikiandikwa "picha" tu, afisa atakisia mwenyewe. Uliza ushuru mapema, uongeze na nauli, ndipo upange bei yako ya juu kabisa. Kisha usiivuke. Mnadani saa nane usiku ndipo mtu hugundua hana msimamo.

Hatua ya 8: Itunze, hasa kama unakaa pwani

Japani kuna unyevu pia, lakini masika ya Tanga ni ya Tanga. Adui ni wanne: jua, unyevu, wadudu na selotepu.

Kila karatasi iwe ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, folda ziwe ndani ya boksi gumu, boksi liwe juu ya rafu iliyoachana na ukuta wa nje. Weka vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu, na uvibadilishe. Kikishashiba hakifanyi kazi. Fungua boksi kila mwezi ukague kama kuna kuvu au vumbi la mchwa. Sehemu hii watu huichoka, na ndiyo inayookoa mkusanyiko.

Kushika, nawa mikono uikaushe vizuri, inua kwa pembe mbili zinazotazamana. Usijaribu kuosha doa. Rangi nyingine zitatembea, na huwezi kuzirudisha.

Ukutani? Mimi huchapisha picha ya karatasi hiyo hiyo kutoka kwenye jumba la makumbusho na kuitundika hiyo. Halisi hutoka siku za wageni, ikakaa mezani nusu saa mbali na dirisha, ikarudi ndani. Ukilazimika kutundika, iwe ukuta usiopigwa na jua, kioo kisigusane na karatasi, na baada ya miezi michache uibadilishe.

Hatua ya 9: Fungua daftari

Kila karatasi iandikie ukurasa: saini, mhuri, mwigizaji, mchezo, ukumbi, vipimo, kasoro, ulinunua lini na kwa kiasi gani. Weka picha ya mbele na nyuma. Andika na makosa yako. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu bado una maneno ya yule muuzaji, "Toyokuni, mwaka 1800 hivi", yamepigwa mstari, na chini yake 1862.

Ukurasa unaofuata nimeuachia wale wezi wengine wanne. Juzi nilimwona Benten Kozo mnadani, rangi nzuri, lakini pindo lote la chini limekatwa na tundu limempitia shavuni, nikamwacha. Bibi kila nikienda huuliza kama wamekamatwa. Namjibu bado.